Madam Hesabu Alivyofungua Ndiva

Wanafunzi walimwogopa kabla hawajamwona. Walifika kidato cha kwanza wakiwa wameshasimuliwa na kaka na dada zao kwamba yupo mwalimu mmoja mwanamke, mwembamba, anayetembea na chaki nyuma ya sikio, na kwamba ukipata jibu sahihi kwa kubahatisha atakuita mbele ya darasa akuulize ulifikaje. Sisi walimu wenzake tulimwita Madam Hesabu, na mkuu wa shule naye alimwita hivyo hivyo. Nilifundisha Jiografia pamoja naye katika shule ile ya milimani, juu ya kijiji cha Maore, mpaka alipostaafu. Nyumba zetu zilitenganishwa na migomba michache na mfereji wa maji, kwa hiyo nilimjua kwa sauti zake zote mbili, ya darasani na ya jikoni.

Ya jikoni ilikuwa nyingine kabisa. Mtu yule aliyemkata mwanafunzi alama kwa kusahau nukta ya desimali alitia chumvi kwenye makande kwa kukisia. Siku moja hayaliki kwa chumvi, siku nyingine ni kama umechemsha mahindi kwa adhabu. Niliwahi kumuuliza kwa nini hapimi.

"Chakula ukikosea unakunywa maji," akaniambia. "Kuna vitu ukikosea hupati hata nafasi ya kunywa."

Alikuwa mzito wa kuamini. Hakupanda bodaboda kuteremka mlima hata mara moja. Alishuka kwa miguu, mwavuli mkononi, na akishafika tambarare ndipo alipokubali kubebwa mpaka Ndungu kununua mchele. Kanisani aliimba kwaya kwa sauti mbaya sana, lakini hakuna aliyethubutu kumwambia, kwa sababu wote walimtegemea yeye kujua wakati wa kuingia. Akikasirika kidogo alisema Kiswahili. Akikasirika kweli alihamia Chasu, lugha ya Wapare, na hapo hata mbuzi walimpisha njia.

Kitu alichokichukia kuliko vyote ni simu. Kwa miaka mingi aliwanyang'anya wanafunzi simu zao na kuwataka wazazi wapande mlima wenyewe kuzifuata. Alisema simu imewafundisha watoto kupata jibu bila kupita njiani. Ndiyo maana nilishangaa, muda mfupi baada ya kustaafu kwake, kumkuta amekaa barazani, miwani imeshuka puani, anabonyeza simu kwa kidole kimoja kama mtu anayetoa mwiba.

"Shikamoo Madam. Hata wewe?"

"Marahaba. Nyamaza kwanza, nafanya kazi."

Kompyuta yake ndogo ilikuwa imekufa. Aliipeleka kwa mafundi Same mjini, wakamwambia haifufuki. Naye alikuwa ameshaahidi kuja shuleni kuwasaidia wa kidato cha tano na cha sita masomo ya matriki, zile hesabu za namba zilizopangwa kwa safu, bila malipo, na hakutaka kufundisha mambo hayo kwa chaki peke yake. Akasikia kwamba ipo programu inayoifanya simu ijione kompyuta: kioo kinakuwa cheusi, unaandika amri kwa maneno, nayo inatii. Ndani ya programu hiyo unaweza kuweka lugha ya Python, na juu ya Python unaweka maktaba ya mahesabu, yenye uwezo wa kukokotoa kwa kufumba na kufumbua kile ambacho mkono ungefanya mchana kutwa. Python ilikubali kuingia. Maktaba ya mahesabu ilikataa.

Ilikataa kwa muda mrefu. Jioni nyingi nilimsikia kutoka upande wangu wa migomba akiisemesha simu kama mwanafunzi mvivu. "Soma swali upya. Nimekuambia nini? Rudia." Simu ilikuwa inajaribu kuijenga maktaba yenyewe, kipande kwa kipande, kwa nguvu zake ndogo. Ilichemka mpaka haishikiki, ikamwaga mistari ya maandishi mekundu, ikakoma. Yeye aliisoma mistari yote, wa kwanza mpaka wa mwisho. Mimi ningeitupa mferejini.

Sasa niseme habari ya ndiva. Kwetu Upareni, ndiva ni bwawa la udongo linalochimbwa mlimani ili likusanye maji ya kijito, kisha yafunguliwe kwa zamu kuteremkia mashambani. Yetu ilichimbwa na mababu. Miaka ya karibuni ilikuja kupanuliwa, tuta likainuliwa, likawekwa lango la chuma lenye usukani wa kuzungusha na mdomo wa pembeni wa kupunguzia maji yakizidi. Mwenyekiti wa kamati ya ndiva alikuwa mdogo wake Madam, tumbo moja, mtu mpole mwenye mashamba ya maharage na tangawizi. Chini ya ndiva kuna bonde lenye nyumba, na kijito kikishatoka bondeni kinakwenda mpaka Maore.

Mwaka ule vuli haikunyesha. Masika nayo ilichelewa, watu wakala mbegu, halafu mvua ikaja yote kwa pamoja. Ndiva ikajaa kwa mara ya kwanza tangu ipanuliwe. Jumapili baada ya ibada watu walipanda kwenda kuitazama tu, na mavazi yao ya kanisani, wakapiga picha. Mwenyekiti alisimama juu ya tuta akipokea pongezi. Madam Hesabu hakupanda juu. Alizunguka chini, kwenye mguu wa tuta, akainama, akagusa udongo, akaunusa.

"Tuta linatoka jasho," aliniambia tulipokuwa tunarudi. "Juzi palikuwa pakavu."

Katikati ya wiki iliyofuata mvua ilianza alfajiri na haikupumzika. Umeme ukakatika. Shule ilifungwa, na nilikuwa natoka kusoma kipimo changu cha mvua, kile tunachotumia kuwafundishia wanafunzi, nilipomwona Madam ananingoja mlangoni, amelowa mpaka magotini. Alikuwa ametoka ndiva. Alikuwa amechomeka mti wenye alama majini na kusoma mara kadhaa jinsi maji yanavyopanda.

"Nipe vipimo vyako vyote vya tangu asubuhi," akasema. "Na uje na mwavuli."

Alikuwa ameanza kukokotoa kwa mkono. Shida ni kwamba ndiva si ndoo, inatanuka kadiri inavyojaa. Mdomo wa pembeni unatoa maji mengi zaidi kadiri maji yanavyopanda, na vijito vinavyoingia vinachelewa kuliko mvua yenyewe. Ilibidi kupiga hesabu upya kwa kila hatua ya muda, na kwa mvua ya kila aina, ikizidi, ikibaki vilevile, ikipungua. "Nikimaliza kwa mkono," alisema, "maji yatakuwa yameshanijibu."

Mtandao ulikuwa unapatikana sehemu moja tu, kwenye ukuta wa kanisa upande unaotazama tambarare. Tukasimama pale tumejibanza, mimi nimeshika mwavuli juu ya simu, si juu yetu. Chaji ilikuwa inaisha. Nikamwomba kijana wa bodaboda aliyejificha mvua barazani mwa kanisa asogeze pikipiki yake, tukachomeka simu kwenye betri yake, injini ikinguruma. Madam akaandika amri. Simu ikasema hakuna nafasi. Akafuta nyimbo za kwaya. Bado. Akafungua picha, na nikaona kidole chake kinasita. Zilikuwa picha za marehemu mume wake, na za harusi ya binti yake. Akazifuta zote, akarudi kwenye kioo cheusi.

"Madam," nikasema, "tungeweza kutafuta simu nyingine."

"Ya nani? Yenye Python? Shika mwavuli."

Akaandika tena ile amri ya siku zote. Simu ikaanza kujenga, ikachemka, akailaza juu ya jiwe la ukuta lenye baridi. Mistari ikateremka. Kisha maandishi mekundu, kama siku zote. Nilitamani kulia. Yeye aliinamisha uso karibu na kioo, akaanza kusoma, na mvua inapiga mabati ya kanisa mpaka tunalazimika kupiga kelele. Alisoma muda mrefu mno. Halafu akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Mimi ni mjinga," akasema. "Naiambia ijenge nyumba, wakati nyumba iliyokwisha kujengwa ipo ghalani kwao."

Maktaba ile ilikuwepo tayari, imeshatengenezwa kwa ajili ya simu, katika ghala la programu ile ile ya kioo cheusi. Ilibidi tu kuiomba huko na si kwingine. Akabadilisha maneno mawili ya amri. Mtandao ukakatika katikati, ukarudi, ukasimama, ukaendelea. Kisha kioo kikatulia, mstari mtupu unapepesa.

Nilidhani ataingiza mara moja namba za ndiva. Badala yake akaandika milinganyo miwili ya kidato cha tatu.

"Madam, maji yanapanda!"

"Mashine ambayo haijanijibu ninalolijua, siiulizi nisilolijua." Jibu likatoka sahihi. Ndipo akaniomba vipimo, nikamsomea.

Namba zilizotoka zilisema hivi: mvua ikipungua mara moja, maji yangekomea chini ya ukingo. Ikiendelea hivyo hivyo, yangevuka tuta kabla ya jua kuzama, na tuta la udongo likishavukwa na maji haliwezi kusimama. Lakini lango likifunguliwa sasa, nusu tu, ndiva ingepumua, na kijito kingebeba maji yale mpaka Maore bila kupanda kwenye nyumba. Likifunguliwa lote, tungeifurisha Maore kwa mikono yetu. Alipiga simu Maore hapo hapo kwa mwalimu tuliyemfahamu, amwambie kila mtu atoe mifugo kwenye kingo. Kisha tukapanda ndiva.

Mwenyekiti alikuwa juu ya tuta na watu wa kamati, wamejifunika magunia ya plastiki. Maji yalikuwa yanavuma kwenye mdomo wa pembeni.

"Fungua lango nusu," Madam akasema. Hakusalimia.

"Dada, unajua tumeyangoja maji haya tangu lini? Yakitoka leo hayarudi. Masika ikikatika watu watakula nini?"

"Mvua ikiendelea hivi, tuta halifiki jioni."

"Nani kasema?"

Akaonyesha simu. Mmoja wa wanakamati akacheka, si kwa dharau nyingi, alicheka tu kama mtu aliyechoka. "Madam, simu hiyo hiyo uliyokuwa unawanyang'anya watoto wetu?"

"Hiyo hiyo."

Mwenyekiti akatazama mbinguni, akatazama bondeni. Nilimwona mtu anayetafuta mahali pa kukimbilia na hapaoni. "Na mvua ikiacha saa hii?"

"Ikiacha saa hii nitakuwa nimewanyima watu chakula," dada yake akamjibu. "Mtasema ni mimi. Wala usisite, sema ni mimi."

Akahamia Chasu, maneno machache, chini kwa chini, ambayo mimi wa kutoka Same mjini sikuyashika yote. Mwenyekiti akaenda kwenye usukani. Ulikuwa umeshika kutu, ikabidi tumsaidie wawili. Lango likalia, maji yakatoka kwa kishindo, na udongo chini ya miguu yetu ukatetemeka kwa namna ambayo sijaisahau. Tulisimama tukitazama ule mti wenye alama, maji hayapandi, hayashuki, hayapandi, kisha yakaanza kushuka.

Na kabla ya jua kuzama mvua ikaacha.

Iliacha ghafla, kama mtu aliyezima redio. Mawingu yakapasuka, tambarare ya Ndungu ikaonekana inang'aa mpunga na maji. Lango lenye kutu lilikataa kufungika mpaka asubuhi, na haikunyesha tena ya maana msimu ule. Ndiva ikabaki na maji ya kulowesha vidole, maharage yakakauka yakiwa na maua, tangawizi ikadumaa. Na lile jasho kwenye mguu wa tuta likakauka pia, hivyo hata aliyetaka kumtetea hakuwa na cha kumwonyesha mtu. Watoto wakambadilisha jina, wakamwita Madam Simu.

Mkutano wa kijiji uliitishwa. Watu walikuwa na njaa na hasira, na nilikwenda nikiwa nimejiandaa kumtetea. Nilikuwa na maneno mazuri. Lakini mzee mmoja aliuliza kabla sijasimama, akauliza kwa adabu: "Mwalimu, kwa mvua iliyonyesha kweli siku ile, bila kufungua, tuta lingevunjika?"

Madam Hesabu akasimama, mkoba wake kifuani. "Nilirudia hesabu baada ya mvua kuacha," akasema. "Kwa mvua iliyonyesha kweli, maji yasingevuka tuta. Yangekomea karibu sana na ukingo. Lakini yasingevuka."

Sauti iliyopanda pale sikuwahi kuisikia kijijini petu. Mama mmoja alimwendea akamtemea mate chini, karibu na viatu vyake. Mwenyekiti, mdogo wake, aliondoka bila kumtazama. Nilimfuata Madam njiani, nimekasirika kuliko wao.

"Kwa nini uliwaambia? Hakuna ambaye angejua!"

"Wameniuliza," akasema, akaendelea kutembea.

Tangu siku ile mdogo wake hakukanyaga kwake. Alitoka uenyekiti, kisha akachaguliwa tena kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka. Wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita waliendelea kuja barazani kwa Madam na simu za wazazi wao, naye akawaonyesha jinsi ya kuweka maktaba ile kutoka ghalani, bila kuzichemsha. Wazazi wengine waliwakataza. Madam alikonda. Macho yakaanza kuingia ukungu, na binti yake akaja kumchukua wakaishi pamoja katika kijiji cha Kisiwani, huko chini kwenye joto, alikoapa siku zote kwamba hawezi kuishi.

Nilimtembelea masika iliyopita. Nilimkuta kivulini nyuma ya nyumba ya binti yake, amekaa kwenye kigoda, uso ameuelekeza milimani ingawa sidhani kama alikuwa anaiona. Milima ilikuwa imefunikwa mpaka kiunoni na wingu jeusi. Kisiwani kulikuwa kukavu, ng'ombe wanapita na vumbi. Nilikuwa nimemletea ndizi na tangawizi. Tulizungumza habari za shule. Nikapata ujasiri wa kumuuliza swali nililokuwa nalo miaka yote.

"Madam, ukirudishwa siku ile, ukijua ulichokuja kukijua?"

"Nikijua mvua itaacha, nisingefungua. Mtoto mdogo angejua hivyo." Akageuza uso kwangu. "Unaniuliza vibaya. Niulize nikirudishwa na nilichokuwa nakijua."

"Haya. Na ulichokuwa unakijua?"

"Ningefungua."

Simu yake ikaita. Akaisogeza sikioni, na nikamwona anakaa wima. Sauti ilikuwa ya mdogo wake. Nilimsikia vizuri, kwa sababu alikuwa anapiga kelele juu ya mvua.

"Dada. Maji yamefika chini kidogo ya mdomo wa pembeni. Mvua inapiga tangu alfajiri. Watu wote wako hapa, wanataka nifungue lango. Nifungue?"

Madam hakusema lolote la miaka yote ile. Alimuuliza maji yalikuwa wapi asubuhi, yalikuwa wapi adhuhuri, na mguu wa tuta ukoje. Ulikuwa mkavu. Akanipa simu. "Mimi sioni. Andika nitakavyokuambia."

Nikaandika. Mikono yangu ilikosea, nikafuta, nikaandika tena. Nikamsomea namba zilizotoka, ya mvua ya kuzidi, ya kubaki vilevile na ya kupungua. Akaniambia nizisome upya. Akampigia mdogo wake.

"Usifungue."

Upande wa pili kukawa na mvua tu. Kisha: "Una uhakika?"

"Sina. Nina hesabu. Usifungue, na usiondoke hapo. Nipigie."

Tukakaa. Binti yake alileta chai, hakuna aliyeigusa. Nilijaribu kuzungumza, akainua kiganja kuninyamazisha. Wingu kule juu halikusogea. Nilikuwa nafikiria nyumba za bondeni, najua kila mlango, na nilimwona yeye anazifikiria pia, kwa jinsi midomo yake ilivyokuwa inacheza bila sauti. Simu ilipoita aliiacha iite mara mbili kabla ya kuipokea.

"Mvua imepungua," mdogo wake akasema. "Maji yamesimama."

"Subiri."

"Dada, yamesimama."

"Nimesikia. Usikate. Subiri."

Alisubiri. Sote tulisubiri, na simu ile iko wazi katikati yetu, watu wanaongea kwa mbali juu ya tuta, mtu anakohoa. Halafu sauti ya mdogo wake ikarudi, safari hii haikuwa ya kupiga kelele.

"Yanashuka."

"Haya," Madam akasema. "Wasalimie nyumbani."

Akaiweka simu mapajani. Baada ya muda alininyooshea mkono, akaniomba nimsaidie kusimama, kwa sababu miguu yote miwili ilikuwa imekufa ganzi.